Kalkaska hadi Traverse City kwa baiskeli: shajara ya timu ya watu wanne

Machi

Usajili umekamilika, wote wanne tumo. Mbio ni Iceman Cometh Challenge, hufanyika Jumamosi moja mwanzoni mwa Novemba kaskazini mwa Michigan. Unaanzia Kalkaska, unapasua msitu, unatokea Timber Ridge nje kidogo ya Traverse City. Ni maili 30 hivi, kama kilomita 48, na hazizunguki kurudi zilikoanzia. Steve Brown alizianzisha mwaka 1990 na waendeshaji 35. Siku hizi watu huja kwa maelfu. Nafasi hufunguliwa Machi, theluji ikiwa bado imelala uani, na anayengoja jua litoke ndipo aamue hukuta zimekwisha.

Sisi ni wa hapa Grand Rapids. Mimi ni Mtanzania, nafanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha samani. Mzee anatoka Goma, umri umepita hamsini, alifika kwa njia ya ukimbizi kama Wakongo wengi wa mji huu. Mpwa wake alizaliwa kambini Nyarugusu, Kigoma, na sasa anapakia mizigo ghalani. Wa nne ni dada muuguzi wa Eldoret. Wamarekani wakisikia anakotoka humuuliza kwa nini hakimbii kwa miguu, naye huwajibu kwamba hata Eldoret kuna watu wa kuchoka.

Hakuna anayewania ushindi. Mabingwa huimaliza njia hii kwa saa moja na nusu na ushee. Sisi tukipata saa tatu na nusu tutapika pilau. Lengo tulilokubaliana ni kwamba wote wanne wavuke mstari, na kila mmoja awe na uwezo wa kuitengeneza baiskeli yake porini bila kumngoja mwenzake. Sharti hilo la pili nililitaka mimi, kwa kuwa nilishiriki mwaka jana na najua mambo yanavyokwenda. Watu huachiwa kwa makundi, kundi moja linatoka, dakika chache baadaye jingine. Nafasi yako hutegemea muda uliopata zamani. Mgeni huwekwa nyuma. Kwa hiyo "timu" inaishia kwenye maegesho ya magari. Ukishaingia msituni uko na wageni watupu, na mnyororo ukikatika ni wewe na mfuko wako.

Aprili

Tumekagua baiskeli gereji kwangu. Hali ilivyo:

Yangu ina fremu ya aluminiamu, magurudumu ya inchi 29, gia moja mbele yenye meno 32 na nyuma 11 hadi 46. Inafaa. Ya dada ameinunua mtumba, ina shokapu mbele tu, breki za diski za mafuta, mwili mzima. Ila tairi zimekauka hadi zinapasuka ubavuni. Mzee ana baiskeli ya chuma ya inchi 26 ambayo ni nzito lakini haina hata nati inayocheza. Inaonekana mwenyewe huikaza kila Jumapili baada ya ibada. Ya kijana ndiyo tatizo. Ameinunua dukani kwenye rafu moja na mashine za kukatia nyasi, ina shokapu mbele na nyuma, inang'aa, na ukikaa juu yake inadidimia kama godoro. Breki zake ni za kubana rimu. Nimemweleza kwamba mchanga wa Kalkaska utazila raba zile kabla hajafika nusu ya njia.

"Anko, si nitanunua nyingine kwa kukopa?" Hapana. Ukifungua kurasa za mauzo utaona fremu za kaboni za bei ya gari, na kijana wa miaka kumi na tisa hukesha anazitazama. Msimamo wangu, na nitaurudia hadi wachoke: kwa mwendeshaji wa Jumamosi, pesa ya kwanza iende kwenye tairi, ya pili kwenye glavu na soksi, ya tatu kwenye chakula. Fremu hufuata mwisho, ikibaki senti. Tumempatia ya mtumba kwa bei ya kuhurumiana, 29, diski mbele na nyuma. Ile inayong'aa ameiuza kwa mwenzake wa kazini, na sikuuliza alimwambia nini.

Mei

Mazoezi yameanza Luton Park, kaskazini karibu na Rockford. Vijia vyake ni vyembamba, vimesawazishwa vizuri, kona zimeinuliwa ukingo, na mtu anayeanza hachubuki sana. Dada anapanda vilima bila kuhema lakini akiteremka anashika breki hadi diski zinalia. Kijana yeye kinyume chake, anateremka kwa fujo, kisha kwenye mlima anashuka na kusukuma.

Mzee ametushangaza. Goma alisukuma chukudu miaka mingi, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, anashusha magunia ya viazi na mkaa kutoka milimani. Mtu aliyeteremsha mzigo unaomzidi uzito mara kadhaa, breki yake ikiwa ni kipande cha raba kinachokanyagwa kwenye gurudumu la nyuma, haoni kitisho kwenye mteremko wa Rockford. Anarudisha makalio nyuma ya kiti, viwiko vimelegea, macho yako mbali mbele, gurudumu la mbele amelisahau. Breki huigusa kabla ya kona, ndani ya kona anaiachia. Nilimwomba afundishe. Anafundisha kwa maneno machache, amesimama chini ya mteremko na kupiga kelele: "Usikamate sana! Acha ishuke!" Dada aliogopa, akaachia, akafika chini akicheka hadi akakaa kwenye majani.

Juni na Julai

Joto, mbu, zamu. Hapa hakuna mengi ya kuandika. Siku za kazi kila mtu anaendesha anapoweza, na White Pine Trail, reli ya zamani iliyogeuzwa njia ya baiskeli kuelekea Cadillac, ndiyo inayotujengea pumzi: tambarare, ndefu, unakanyaga saa mbili bila kusimama. Mimi nikitoka zamu alfajiri nalala, naamka alasiri, naenda. Dada ana wiki za zamu ndefu ambapo haendeshi kabisa, na nimemwambia asijilaumu. Mwili uliokesha wodini haujengeki kwa kupanda mlima, unabomoka.

Jioni za Jumapili ni darasa la ufundi. Somo la kwanza ni mnyororo. Kila mmoja amekata wa kwake kwa makusudi na kuuunga tena kwa kiungo cha kufyatua, kwanza mezani, kisha amepiga magoti kwenye nyasi, kisha akiwa na glavu. La mwisho ndilo lenye maana, kwa sababu Novemba vidole hufa ganzi. Somo la pili ni kidude kidogo cha aluminiamu kinachoshikilia kibadili gia cha nyuma kwenye fremu. Kimetengenezwa kipinde au kivunjike ili fremu isivunjike. Baiskeli ikianguka upande wa kulia ndicho kinachoumia, na kila fremu ina cha umbo lake, huwezi kuazima cha jirani. Tumeagiza vya akiba, kila mtu amefunga cha kwake kwa utepe chini ya kiti. Cha Mzee hakipo, kwa kuwa kwenye fremu yake ya chuma sehemu ile imeungwa moja kwa moja; ikipinda unainyoosha kwa spana.

Agosti

Tumehamia tairi zisizo na tyubu, isipokuwa Mzee, ambaye rimu zake hazikubali. Kwa wasiojua: unaziba matundu ya spoki kwa utepe, unafunga valvu yake, unamwaga ndani maji ya raba kiasi cha mililita mia hivi kwa gurudumu la 29, unajaza upepo kwa kishindo hadi kingo za tairi zikalie rimu, mlio kama bastola. Mwiba ukiingia, yale maji yanakimbilia tundu na kuganda. Faida kubwa zaidi ni kwamba unaweza kupunguza upepo bila tyubu kubanwa na rimu na kukatwa. Sasa tunaendesha na psi 20 mbele na 22 nyuma, dada pungufu kidogo kwa kuwa ni mwepesi. Upepo huo mdogo ndio tunaouhitaji kule tuendako.

Gereji yangu ilinuka raba wiki nzima. Kijana alijimwagia maji yale kwenye nywele, yakaganda, na saluni walimnyoa wakimcheka.

Septemba

Mwezi wa mchanga.

Watu wa nje wakisikia Iceman hudhani adui ni baridi. Baridi ipo, lakini kinachowashusha watu kwenye baiskeli ni mchanga. Eneo lile la kaskazini lilifunikwa na barafu kuu za kale, zilipoyeyuka zikaacha mchanga mtupu, na udongo uliotokea juu yake unaitwa Kalkaska, kwa jina la ule mji tunakoanzia. Mwaka 1990, mwaka uleule mbio zilipoanza, Michigan iliutangaza kuwa udongo rasmi wa jimbo. Ukikata ukingo wa barabara ya msituni unaona tabaka zake waziwazi: juu mboji nyeusi nyembamba, chini yake kijivu kinachokaribia weupe, halafu kahawia iliyoiva, halafu mchanga wa njano unaoendelea chini. Ni udongo mzuri kwa misonobari na viazi. Kwa gurudumu, ile mboji ya juu ikishachanwa na matairi elfu mbili ya waliokutangulia, unabaki na unga.

Na hapo kuna dhuluma ndogo ya mpango mzima: anayeanza nyuma, yaani mgeni, yaani mwenye ujuzi mdogo kuliko wote, ndiye anayekuta njia imechimbika zaidi. Siwalaumu waandaaji, sijui wangefanya vipi vingine. Lakini lazima tujiandae kwa njia itakavyokuwa baada ya watu kupita, wala si kwa ile ya kwenye picha.

Tumekwenda Yankee Springs kwa sababu kuna mizizi, mawe na vipande vya mchanga mlaini. Mafunzo yenyewe ni haya. Kabla ya mchanga, shuka gia moja au mbili, usingoje umeshakwama. Sogeza uzito nyuma ili gurudumu la mbele lielee, lisichimbe. Mikono ilegee, baiskeli itatikisika kushoto na kulia, iache itikisike. Kanyaga mviringo, usikanyage kwa kushindilia, maana kila shindo moja linazungusha gurudumu la nyuma bure. Na usigeuze usukani ghafla. Ukitaka kuhama, hama kwa nyonga. Ukikwama, ruka upesi, kimbia na baiskeli pembeni kwenye majani, panda tena. Kung'ang'ania ni kupoteza nguvu na kumfungia njia aliye nyuma.

Kijana alianguka mara nyingi, mchanga ukaingia hadi masikioni. Lakini mchanga hauvunji mfupa, na kufikia mwisho wa mwezi alikuwa anapita mahali mimi ninaposhuka.

Oktoba

Miti imewaka nyekundu na njano, kisha majani yamemwagika yote kwa siku chache na kufunika mizizi. Unaendesha juu ya zulia bila kujua chini kuna nini. Tulipanda kaskazini kwa njia ya US-131 kujaribu sehemu ya Vasa, vijia vya kuteleza kwa skii karibu na Traverse City ambavyo mbio hupitia zikielekea mwisho. Kuna kilima kinaitwa Anita's Hill, na karibu na mstari kipo kingine, Icebreaker. Si virefu. Mtu wa Kigoma au Goma angeviita tuta. Ila vinakuja miguu ikiwa imekwisha, na tulivijaribu makusudi mwisho wa safari, tukiwa tumechoka na tuna njaa. Dada alipanda vyote. Mimi kimoja na nusu.

Msimu wa wawindaji wa upinde umeshaanza, na wa bunduki hufunguliwa tarehe 15 Novemba kila mwaka, kwa hiyo tunavaa vizibao vya rangi ya chungwa. Mzee anakataa kupiga kelele porini, anasema msitu una wenyewe. Nimemfungia kengele kwenye usukani.

Nguo zimejaribiwa. Pamba imepigwa marufuku, inashika jasho na kulirudisha mgongoni likiwa barafu. Ndani fulana nyembamba ya sufu, juu jezi, juu yake kizibao cha kuzuia upepo kifuani na kilicho wazi mgongoni. Kanuni ni kutetemeka kidogo unapoanza. Ukisimama kwenye mstari umestarehe, maili ya tatu utakuwa unachemka na umeloa. Kwa wanaobeba maji mgongoni: ukimaliza kunywa, puliza maji yaliyobaki kwenye bomba yarudi ndani, la sivyo yanaganda na unabeba lita mbili usizoweza kuzinywa. Chakula tumekubaliana viazi vitamu vya kuchemsha vyenye chumvi, vilivyokatwa vipande vya kutosha tonge moja, na chapati iliyosukwa na asali. Zile peremende laini za madukani zikipoa zinakuwa ngumu kama jiwe la kinu na kijana karibu ang'oe jino.

Wiki ya mbio

Mvua. Imenyesha tangu Jumatatu, Jumatano ikageuka theluji nyepesi kutoka Ziwa Michigan, haikukaa chini. Kazini wananipa pole. Sisi tunashangilia, kwa sababu mchanga wa Kalkaska ukilowa unashikana, unakuwa kama sakafu ya pwani maji yakishakupwa. Baridi ya usiku ikiugandisha juu kidogo, bora zaidi. Tatizo litahamia kwenye mnyororo: maji na chembe za mchanga ni msasa. Tumetumia mafuta mazito ya majira ya mvua, tone moja kwa kila pingili, tukafuta yaliyozidi.

Orodha ya makundi ya kuanzia imetolewa. Mimi mapema kiasi, kijana baada yangu, dada baada yake, Mzee karibu na mwisho kabisa. Mzee ameridhika: "Ni vema. Mwenye kuanguka, nitamukuta."

Siku yenyewe

Tumelala Kalkaska watu wanne chumba kimoja, baiskeli zimeegemea vitanda. Upande huu wa Michigan uko pembeni kabisa magharibi mwa ukanda wake wa saa, na saa hazijarudishwa nyuma bado, kwa hiyo saa mbili asubuhi imefika na kiza hakijaisha. Barafu nyembamba kwenye vioo vya magari. Watu wamejifunika mablanketi juu ya kaptula za baiskeli, harufu ya kahawa na mafuta ya kuchua misuli.

Kundi langu lilitoka kwa kasi isiyo na adabu. Mwanzo ni mpana, kila mtu anataka kuwahi kabla njia haijawa nyembamba. Mchanga ulikuwa kama tulivyoomba, mgumu na mweusi. Pale nilipokwama mwaka jana nilipita nimekaa kitini. Baada ya nusu ya njia mabadiliko ya gia yakaanza kukwaruza, nikachagua moja ya katikati na kubaki nayo hadi milimani. Icebreaker watu wamejipanga pande zote mbili, wanapiga kengele za ng'ombe, wengine wanakunywa bia na kukupigia kelele sikioni kana kwamba ni ndugu zako. Nilipanda chote. Saa tatu na dakika kidogo.

Kijana akafika akiwa na goti linavuja damu na tabasamu. Alianguka kulia, kile kidude kikapinda, akakaa pembeni ya njia na kukibadilisha kwa vidole vyenye ganzi, watu mamia wakimpita. Anasema hilo la watu kumpita ndilo lililomuuma, goti hakulisikia.

Dada tulimsikia kabla ya kumwona. Desturi ya hapa ukitaka kumpita mtu ni kupaza sauti kwamba unakuja kushotoni mwake. Yeye aliona haya kuwaamrisha watu wasiomjua, akawa anasema "Hodi! Hodi!" njia nzima, na walimpisha wote. Mzungu mmoja aliyemaliza nyuma yake alikuja kutuuliza ile "hodi" ni aina gani ya baiskeli.

Mzee alituchelewesha. Saa tatu na nusu ikapita, saa nne ikapita, dada akaanza kutazama gari la huduma ya kwanza. Alipotokea alikuwa anaendesha taratibu, kengele inalia, na mgongoni amevaa mikoba miwili. Mmoja ni wa mama mmoja aliyekuwa nyuma yake hatua chache, aliyetegua bega lakini akakataa kupandishwa gari. Mzee alimbebea mizigo na kumtangulia kwenye kila mteremko, akimwonyesha mahali pa kupita. Hawakuwa na lugha moja ya kuelewana, kwa kuwa Kiingereza cha Mzee ni cha ghalani. Sharti langu la kila mtu kujitegemea amelivunja vipande vipande, na kwenye orodha ya lengo nimeandika "limetimia" kwa wote wanne.

Mchana mabingwa waliachiwa, kama ilivyo kawaida, ili sisi wa Jumamosi tupate kuwatazama. Walipita Icebreaker kana kwamba wamebeba injini. Kijana alitazama fremu zao za kaboni, mimi nikamtazama yeye.

Baada ya mbio

Pilau imepikwa, ingawa waliofikia muda tuliousema ni mimi na dada tu.

Kazi zilizobaki gereji: beringi za magurudumu yangu zinakwaruza, zibadilishwe. Minyororo yote minne imevutika kupita kiasi, itupwe. Usiweke mpya juu ya meno yaliyolika bila kuyapima kwanza. Pedi za breki za dada zimebaki chuma kwa chuma. Ya Mzee haina kitu, ameshaikaza. Kijana anadaiwa kidude cha akiba, na ameniletea nusu ya pesa. Usajili Machi, dada ameomba mapema ruhusa ya Jumamosi ile kwa msimamizi wake, na Mzee ameuliza kama mpwa wake mwingine, aliyefika Agosti kutoka Nyarugusu, anaweza kuazima baiskeli.